Sahani ya Tano Imeondolewa

Ithaca, 16 Aprili 1983

Ami Lou,

Sauti niliyorudi nayo kutoka New York ni ya viti kujikunja. Unaijua kuliko mtu yeyote: mtu anainuka, kiti kinajifunga chenyewe nyuma yake, pa. Kisha cha jirani yake, pa. Nimefundisha nayo masikioni, nimesahihisha mitihani nayo. Safu nzima inanyanyuka, na waigizaji wako bado wako jukwaani wanaimba.

Sikukuambia kwamba nakuja. Nilinunua tiketi dirishani, Jumatano, onyesho la mchana, nikakaa katikati ya akina mama wa New Jersey waliokuja na mabasi ya kukodi. Tulipofika pale ambapo Mama Gittel hubaki peke yake na meza, nikashika mkoba kwa mikono miwili, kama ninavyofanya tangu nikiwa na miaka kumi na sita. Taa hazikufifia. Akaingia yule nyota wako anayeigiza daktari kwenye televisheni, Rusty Kincannon, na kundi la vijana wenye trei, wakacheza. Wakacheza, Ami Lou! Trei zikazunguka vichwani, daktari akawakonyeza watu, mchezo ukaendelea.

Mama mmoja mbele yangu akamuuliza mwenzake, "Ule wimbo wa sahani uko wapi? Dada yangu nimemleta kwa ajili ya ule wimbo."

"Labda tulisinzia."

"Wewe ndiye uliyesinzia. Mimi nilikuwa macho. Simama twende, basi lisituache."

Pa. Pa.

Umeondoa "Sahani ya Tano". Siamini kwamba naiandika sentensi hii. Mama anapanga sahani tano na nyumbani wamo watu wanne. Anamngoja binti aliyetoroka na mwanamume asiye wa dini yao. Bila wimbo huo, binti anaporudi mwishoni kuolewa upya mbele ya wazazi wake, anarudi kama mtu aliyetoka dukani kununua maziwa. Huhitaji kusoma chuo kuliona hilo. Wale akina mama waliliona.

Mkataba wa baba unasema neno lisibadilishwe wala nota isiguswe bila ruhusa ya mwandishi. Mwandishi yuko kaburini mwaka wa pili sasa, na ruhusa ni yangu. Uliketi nasi matangani, vioo vikiwa vimefunikwa kwa desturi yetu, ukala mayai yetu ya msiba, ukanishika mkono ukasema, "Kazi ya Emil iko salama kwangu." Usalama wenyewe ndio huu?

Rudisha wimbo.

Tovah Adelsberg


New York, 20 Aprili 1983

Tovah mwanangu,

Unanunua tiketi dirishani? Baba yako angekufa mara ya pili. Ungenipigia simu ningekupa kiti cha maana na chakula cha mchana, kisha ungenitukana ukiwa umeshiba.

Umekasirika, na haki unayo. Sasa nisikilize na mimi. *Harusi ya Orchard Street* ina miaka kumi na mmoja mjini. Yale mengine yaliyofunguliwa msimu mmoja na sisi, mabango yao nayaona kwenye kuta za mkahawa ninapokunywa kahawa, yametiwa fremu kama picha za marehemu. Sisi tuko hai. Lakini Januari, theluji ilipozidi, nilikuwa nasimama nyuma ya ukumbi na watu ningeweza kuwasalimu mmoja mmoja kwa majina. Unajua masharti ya mwenye jumba: mapato yakishuka chini ya kiwango chake wiki mbili mfululizo, ana ruhusa ya kututoa. Na tayari kuna onyesho kutoka London linampigia hodi kila asubuhi, na maua mkononi.

Kwa hiyo nikamleta Rusty. Hajui kuimba, anacheza kama mtu anayetafuta miwani yake sakafuni, lakini wasichana wanapanga foleni mpaka kona. Tumepumua. Wimbo umepumzika kidogo tu. Nyimbo nazo huchoka.

Nina ombi moja. Tukiurudisha, tuushushe. Uimbwe chini kidogo kuliko baba yako alivyouandika. Usiniulize sana kwa nini. Utakaa vizuri zaidi ukumbini. Andika "ndiyo" kwenye karatasi, mengine niachie mimi.

Na ule chakula. Ithaca hakuna supu.

Ami yako,
Lou Brandwein


Ithaca, 23 Aprili 1983

Ami Lou,

Hapana.

Daktari wako anataka kuingia kwenye ubeti wa mwisho, sivyo? Juu hafiki, basi tumshushie ngazi. Kwanza wimbo umeondolewa kwa ajili yake, sasa ushushwe kwa ajili yake, kesho atavaa gauni la Mama Gittel na kupokea maua.

Baba aliuweka juu makusudi. Mama anaimba kama mtu anayejinyoosha kufikia rafu asiyoiweza. Ukiishusha rafu, hakuna wimbo, kuna mwanamke anayeandaa meza.

Nota hata moja haishuki. Urudishwe kama ulivyoandikwa, ama nitazungumza na wakili.

Tovah


New York, 16 Mei 1983

Profesa Adelsberg,

Sijawahi kukuandikia barua. Nilizoea kukupa peremende nyuma ya pazia, meno yako yakiwa yamefungwa nyaya, na wewe ukinitazama kama mtu anayetazama kanisa. Nimengoja wiki tatu hasira ipoe. Haikupoa, basi naandika nayo.

Mimi ndiye Mama Gittel tangu siku ya kwanza. Kabla ya hapo nilikuwa mwimbaji wa kwaya kutoka Philadelphia, na watu walimcheka baba yako: utampaje mwanamke mweusi nafasi ya mama wa Kiyahudi? Akawajibu, "Mama ni mama. Msikilizeni." Wakasikiliza. Wimbo ule aliutunga tukiwa Boston, kabla hatujaja mjini, yeye kwenye piano na mimi nimesimama kando yake. "Hapa unafika, Ernestine? Na hapa?" Akaukata kwa kipimo changu, kama fundi anavyokata nguo mwilini mwa mtu.

Tangu majira ya baridi, pale juu kabisa, kwenye "supu bado ina moshi", sauti huja siku ikitaka. Siku nyingine nafungua mdomo anatoka mtu nisiyemjua. Nilikwenda kwa daktari, daktari wa kweli, akanimulika kooni akasema, "Mama, hii ni miaka tu." Machi, Jumamosi moja, ilikatika mbele ya ukumbi mzima. Lou akauondoa wimbo. "Wiki moja tu, Ernie, upumzike." Wiki ikazaa wiki.

Nikamwambia, "Nishushie. Chini huko bado ninayo sauti, tena nyingi." Akasema, "Si mkononi mwangu, ni kwa binti wa Emil." Nikamwambia, "Muulize basi. Mwambie ni Ernestine anayeomba."

Akaja chumbani kwangu na barua yako. Nilikuwa najipaka poda. Akanisomea: "Nota hata moja haishuki." Akaikunja, akaitia mfukoni. "Pole, Ernie." Akatoka.

Sasa kila onyesho nasimama nyuma ya pazia nimevaa aproni, sahani tano mkononi kwa sababu mikono imezoea, na wale vijana wananipita na trei. "Samahani, Mama E." "Samahani, Mama E." Nimechoka kuombwa radhi na watoto.

Mwili umebadilika, na wewe unasema nguo isiguswe. Hukuweza hata kuniandikia mimi mwenyewe? Mstari mmoja?

Ernestine Tolliver


Ithaca, 20 Mei 1983

Bwana Brandwein,

Barua yangu ya Aprili ilimjibu Rusty Kincannon. Wewe ukaenda kuisoma mbele ya Bi Ernestine.

Uliona nimekosea. Usingeweza kukosa kuona, nilimtukana daktari wako kuanzia mstari wa kwanza. Ungechukua kalamu ukaandika, "Tovah, si Rusty, ni Ernestine," nami ningejibu siku hiyohiyo, kwa simu, kwa mguu ikibidi. Maneno machache. Wewe unayeweza kuzungumza saa nzima kuhusu supu.

Niambie, ulimsomea na ile sehemu ya daktari kuvaa gauni? Maana angeisikia hiyo, angejua mara moja nilikuwa nasema na nani. Au ulianzia pale palipokufaa?

Nimemwandikia. Sijui kama ataisoma. Mwanamke aliyenilea kwa peremende nyuma ya pazia alikaa wiki tatu akiamini kwamba nimemfungia mlango, na mkono uliofunga mlango huo ni wako, umevaa glovu yangu.

Unataka nini, hasa?

Tovah


New York, 25 Mei 1983

Tovah,

Nilianzia pale paliponifaa. Umeridhika?

Sasa kaa chini, maana hata mimi nina hasira, na zangu ni za zamani kuliko zako. Mtaa huu koo la mtu ni habari. Ningeandika "Ernestine hafiki juu", barua ingefunguliwa na katibu wa idara yenu, mwenye binamu, mwenye shoga, na kabla ya wiki kwisha wakala wa mabasi ya New Jersey angenipigia: "Lou, tunasikia yule mama amekwisha. Tuwapeleke wateja kwingine?" Nimeyaona hayo yakimpata mwimbaji mwingine. Alianza kwa kushushiwa wimbo mmoja. Baada ya mwaka alikuwa anauza mapazia ya madirisha huko Yonkers. Nilimlinda Ernestine kwa njia niliyoijua.

Na ndiyo, "hapana" yako ilinikuta nimechoka, ikanifaa. Bila wimbo ule tunamaliza mapema, okestra haidai saa za ziada, na wiki mbovu inakuwa wiki ya kuvumilika. Sikuipanga. Niliikuta mlangoni nikaiingiza ndani.

Wewe unafikiri onyesho huishi miaka kumi na mmoja kwa sababu ni zuri. Mazuri nimeyazika mengi, mengine kabla maua ya siku ya kwanza hayajanyauka. Onyesho huishi kwa viraka. Unatia nyota wa televisheni hapa, unapunguza fidla mbili pale, unampa mwenye jumba whisky Krismasi, unanyamaza kidogo. Baba yako alilijua hilo, akanyamaza nami. Wewe umesoma mno kunyamaza.

Rusty ana karatasi: ngoma ya trei ni yake mpaka Septemba. Ukiing'oa anaweza kuondoka. Akiondoka, mapato yanaanguka, mwenye jumba anatutoa, na mimi nabandika tangazo la kufunga kwenye ubao wa mlango wa nyuma. Watu sitini watalisoma kabla hawajavua makoti. Niandike jina lako chini yake?

Ngoja Septemba. Ni hilo tu ninalokuomba.

Lou


New York, 1 Juni 1983

Tovah,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Basi. Hasira zilizokuwa zako nimezihamishia kwa Lou, na yeye alikuwa na za kwake tayari, kwa hiyo mzigo umemzidi.

Nilimkamata kwenye ngazi Jumamosi, kati ya onyesho la mchana na la jioni.

"Lou, ulimwambia huyu mtoto kwamba ni mimi?"

"Ernie, nilikuwa nakulinda."

"Na nini?"

"Na midomo ya watu."

"Midomo ya watu ndiyo iliyonijengea jina. Wako ndio ulionifunga."

"Shusha sauti."

"Nimeomba kushushwa tangu Machi!"

Wale vijana wa trei wakajifanya wanafunga kamba za viatu. Rusty alikuwa anashuka na sandwichi, akasimama. Nikamgeukia. "Wewe, daktari. Ukinyang'anywa trei utaondoka?"

Akamtazama Lou, akanitazama mimi. "Niende wapi, Bi E? Nyumba nimepanga mpaka Septemba. Halafu ile ngoma siipendi. Trei imenipiga sikio mara mbili."

"Bwana Brandwein aliwahi kukuuliza?"

"Kuniuliza nini?"

Lou akawa anakagua viatu vyake.

Usidhani nakuambia tuko salama. Kuhusu mwenye jumba hakudanganya. Tunamwona yule bwana akizunguka na fundi, wakipima jukwaa kwa macho. Septemba Rusty ataondoka na wasichana wake, na baada ya hapo sijui. Lakini Lou anasema ningoje Septemba kana kwamba koo langu limepangiwa nyumba na lenyewe. Mimi nina kiangazi hiki. Labda na msimu mmoja mwingine, Mungu akipenda. Nataka kuuimba wimbo wangu nikiwa bado naweza, mbele ya watu, si jikoni.

Jikoni nauimba. Juzi nilikuwa nakanda unga, nikauanzia chini, pole pole. Bi Pettiford wa jirani akagonga ukuta. Nikanyamaza, nikadhani nimemuudhi. Akapaza sauti: "Mbona umeacha? Rudia!"

Neno la mwisho, nawe ulimeze bila sukari. Unaniandikia kwamba utanipigania. Lou naye alinilinda. Yeye kwa huruma, wewe kwa kumheshimu marehemu, mmenisimamisha gizani na aproni yangu, na hakuna aliyeniuliza kitu mimi. Msinipangie tena. Ukija, njoo na kalamu na masikio.

Ernestine


New York, 8 Juni 1983

Ami Lou,

Nimerudi kukuita ami, lakini usije ukadhani yamekwisha. Jana ulinikuta kwenye korido nikakuamkia kwa sababu mama yangu alinilea vizuri. Hasira yangu iko palepale, na nina shaka kama itaondoka.

Naandika haya kwenye mkahawa wa pembeni, chini ya yale mabango ya marehemu wako. Nitaiacha barua kwa mzee wa mlango wa nyuma, ili uisome ukifika, kabla hujasikia kwa wengine.

Nimeandika upya karatasi za okestra yote, chombo kimoja kimoja, kwa mkono wangu. Kidole cha shahada hakinyooki. Jana mchana Bwana Szalay wa okestra aliwakusanya wanamuziki wake, Bi Ernestine akasimama kando ya piano, nami nikakaa chini kabisa sakafuni na penseli. Alikuwa akisema, "Hapa chini kidogo tena," nashusha. "Hapa umezidisha, mimi sijafa," napandisha. Rusty alikuja kusikiliza na sandwichi yake. Vijana wa trei walikaa ngazini.

Nitakuambia nilichosikia, ingawa hustahili. Nilikuandikia kwamba ukiishusha rafu hakuna wimbo. Huko chini mama hajinyooshi tena kufikia kitu chochote. Amekwisha kujua binti haji. Anapanga sahani ya tano hata hivyo, kwa utulivu, kama mtu anayezuru kaburi analolijua. Baba hakuuandika hivyo. Angesema nini sijui, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutaka kujua. Bwana Szalay alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mpiga tarumbeta akasema, "Huyu ndiye aliyekwisha?" Watu wakacheka, na Bi Ernestine akacheka kuliko wote, kisha akaomba maji.

Huenda uko sahihi kuhusu mwenye jumba. Huenda saa za ziada zikakuumiza, huenda theluji isitukute hapa. Nimelifikiria hilo njia nzima ya basi kutoka Ithaca, na jina langu nakuruhusu uliandike chini ya tangazo lako, kwa herufi kubwa. Hao watu sitini nitasimama nao mlangoni, wanitazame usoni. Lakini hutaniuzia tena miaka ya onyesho kwa bei ya mwanamke aliyelibeba.

Umeniambia nimesoma mno kunyamaza. Baba alinyamaza nawe. Labda ndiyo sababu aliniachia mimi ruhusa, hakukuachia wewe. Ila nimegundua kwamba hata mimi ruhusa hii niliitumia vibaya. Niliishika kama ufunguo wa kabati la mtu aliyekufa, na aliye hai akabisha hodi nisimsikie.

Kwa hiyo juzi, Jumatatu, siku jumba lenu linalala bila onyesho, tulikwenda kwa wakili, mimi na Bi Ernestine. Ruhusa ya kubadilisha chochote katika "Sahani ya Tano", kuupandisha, kuushusha, kuupumzisha, kuuondoa, si yangu tena. Ni yake, mpaka siku atakayosema mwenyewe basi. Wakili alitoa kalamu mdomoni akasema hajawahi kuona mrithi wa mwandishi akimpa mwimbaji kitu kama hicho. Nikamwambia aandike. Bi Ernestine alisoma kila mstari, akamrekebisha mahali pawili, kisha tukatia saini.

Ombi lako la kungoja Septemba nilimkabidhi yeye, kwa kuwa ndiye wa kulijibu. Amelikataa. Karatasi mpya ziko kwenye meza za wanamuziki tangu jana, trei zimefungiwa stoo, na onyesho la mchana linaanza saa nane.

Tovah